Shangazi, Kaka Yangu Yuko Motoni?



Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ruangwa mjini, nauza mitumba. Kwetu ni Nachingwea, upande wa Mnero. Baba yetu alikuwa Mwislamu, mama ni Mkatoliki, sisi watoto tulibatizwa kwa makubaliano yao. Huku kusini hilo si geni. Idi tunakula pilau kwa baba mkubwa, Krismasi wao wanakuja kwetu.

Mwezi wa sita kaka yetu mkubwa alifukiwa na kifusi kwenye duara la dhahabu. Wenzake walichimba kwa koleo na mikono, wakamtoa siku ya pili, mwili umechubuka kwa mawe na matimba. Kaka hakuwa mtu wa kanisani. Aliishi na mwanamke, wakazaa watoto wawili bila ndoa, pombe alikunywa, misa alikuwa hajaisogelea kwa miaka. Lakini ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne, na ndiye aliyemwezekea mama nyumba ya bati.

Msibani, mdogo wetu wa mwisho, ambaye ameokoka na ni mhudumu kwenye kanisa lake, alikuja na mchungaji wake. Katekista alipomaliza ibada wakaomba nafasi ya kutoa neno. Mchungaji akasema mwili ulio mbele yetu ni fundisho, mwenzetu huyu nafasi yake imekwisha, muda huu anaungua, na hakuna misa wala sala itakayomtoa. Mama alikuwa pale kwenye jamvi, anasikia. Tangu siku ile hasali rozari. Ananiambia, "Nimwombee wa nini, kama mlango umefungwa?"

Halafu mtoto wa dada yangu, yuko chuo, alikuja likizo akamwambia, "Bibi usilie, moto wa milele haupo, mwishowe Mungu ataokoa watu wote." Mama akatulia kidogo. Sasa kijana mwenyewe haendi jumuiya. Anasema kama wote tutafika, ya nini kuhangaika.

Shangazi, nani kasema kweli? Sisi Wakatoliki tunaruhusiwa kuamini kwamba wote wataokolewa? Na baba je, aliyekufa Mwislamu? Tumepanga kujengea kaburi na kuomba misa malipo ya korosho yakitoka, lakini mdogo wetu anasema hatoi hata shilingi kwa ibada za wafu. Na watoto wa marehemu wameanza kuulizwa na wenzao shuleni kama baba yao anaungua.

Ni mimi, Dada wa Marehemu, Ruangwa.

*

Mwanangu. Poleni sana, wewe na mama na wote.

Jibu la mama lisingoje mnada wa korosho wa RUNALI, mpelekee wiki hii. Mwambie kwamba hakuna binadamu, awe mchungaji, padre au papa, aliyepewa kujua kwamba mwanawe yuko motoni. Wala usimwambie kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa, maana ndivyo kanisa lake linavyofundisha. Kanisa Katoliki limetangaza watakatifu maelfu kwa maelfu, likasema fulani na fulani wako mbinguni. Upande wa pili halijawahi kutangaza hata jina moja. Tarehe 28 Julai 1999, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaambia waumini Roma kwamba kupotea milele kunawezekana kweli, ila kujua kama wapo binadamu waliofika huko, na ni akina nani, hatukujaliwa. Kama Papa alisema hajui, mtu aliyekuja msibani na Biblia kwapani alipata wapi habari za kaka yako?

Sasa nikupe na upande usiopendeza, nisije nikakupa nusu ya ukweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inasema jehanamu ipo na ni ya milele. Haikuandikwa ili kutisha watoto. Msingi wake ni maneno ya Yesu mwenyewe, kama yale ya mwisho wa Mathayo 25, kondoo na mbuzi, ambako adhabu na uzima vyote viwili vinapewa kipimo kimoja cha milele. Katekisimu hiyo hiyo inaongeza kwamba Mungu hajampangia mtu yeyote kwenda huko. Anayefika amejipeleka, kwa kumkataa Mungu kwa makusudi na kushikilia hivyo hadi mwisho. Kwa hiyo mpwa wako aliposema moto wa milele haupo, na akalisema kama mtu aliyetoka kuhakikisha, amevuka mstari. Mchungaji naye kavuka, kwa upande wa pili. Wote wawili wamemsemea Mungu.

Kutumaini ni jambo jingine kabisa, na hapo mama ana nafasi pana kuliko anavyodhani. Hans Urs von Balthasar, mwanateolojia Mkatoliki wa Uswisi, aliandika kitabu kizima mwaka 1986 kutetea hoja hii: hatuwezi kusema tunajua kwamba wote wataokolewa, lakini tunaruhusiwa kulitumaini, na kwa kweli tunadaiwa kulitumaini, kwa sababu Paulo anasema katika 1 Timotheo 2:4 kwamba Mungu anataka watu wote waokoke. Wapo waliomshambulia, wakasema analegeza kamba. Lakini mwaka 1988 Yohane Paulo wa Pili alimteua kuwa kardinali, akafariki siku mbili kabla ya kuvishwa kofia. Januari 2024 Papa Fransisko aliulizwa kwenye televisheni ya Italia, akajibu kwamba anapenda kuifikiria jehanamu ikiwa tupu, akawahi kusema hayo ni mawazo yake binafsi na si fundisho rasmi la imani. Hivyo ukiniuliza kama unaruhusiwa kuamini kwamba wote wataokolewa: kuomba hivyo, naam. Kutumaini, naam. Kumhakikishia mtu, hapana.

Mama mwenyewe amekuwa akiomba hivyo tangu usichana wake, labda tu hajawahi kukaa akalifikiria. Katika rozari, kila baada ya fungu, baada ya Atukuzwe, ipo sala fupi inayomwomba Yesu azifikishe roho zote mbinguni, na hasa zile zenye shida zaidi. Wote, haibagui. Sala hiyo ilitoka Fatima, Ureno. Watoto watatu wachunga kondoo walisema Bikira Maria aliwafundisha tarehe 13 Julai 1917, na siku hiyo hiyo, katika tokeo hilo hilo, walisema walionyeshwa jehanamu. Waliotishwa na moto ndio walioambiwa waombee kila mtu. Mama akiishika tena rozari yake atakuwa amemwombea kaka yako mara tano kabla hajafika mwisho, hata kama jina lake halijamtoka mdomoni.

Mpwa wako naye asidhani amegundua kitu kipya huko chuoni. Fundisho lake lina umri unaokaribia ule wa Kanisa, na lilianzia bara hili. Origen wa Iskanderia, Misri, aliyezaliwa mnamo mwaka 185, ndiye aliyelipa umbo: kwamba adhabu ya Mungu ni dawa, na kwamba mwishoni kila kiumbe kitarudishwa kwa Mungu. Asionekane mtu laini. Baba yake aliuawa kwa ajili ya imani, na yeye mwenyewe uzeeni aliteswa gerezani wakati wa Kaisari Decius, mnamo mwaka 250. Aliyempinga kwa nguvu naye ni Mwafrika, Agostino, askofu wa Hippo, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Katika kitabu cha 21 cha "Mji wa Mungu" Agostino anawajibu mmoja mmoja wale anaowaita watu wa huruma, akishikilia kwamba kama uzima wa milele hauna mwisho, adhabu ya milele haina mwisho. Kanisa la magharibi lilimfuata Agostino. Mwaka 543 Kaisari Justinian alitoa laana juu ya mafundisho ya Origen, na Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ukamtaja Origen kati ya wazushi, akiwa amekufa miaka mia tatu iliyopita. Wanahistoria mpaka leo wanabishana mtaguso ulilaani nini hasa.

Hayo ni ya mpwa wako, akapambane nayo. Kwa ajili yako wewe nina kisa kingine.

Mwaka 379 alifariki askofu mmoja maarufu sana, Basili wa Kaisaria, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mdogo wake Gregori, askofu wa Nisa, akafunga safari kwenda kulia na dada yao mkubwa, Makrina, kifungua mimba wa familia ya watoto kumi, ambaye alikuwa amewalea wadogo zake na kuwafunza imani. Alipofika akakuta dada naye amelala mgonjwa, anakufa. Gregori akaanza kulia. Makrina akamwacha alie kwanza, kisha wakazungumza juu ya roho, kifo na ufufuo. Mazungumzo hayo Gregori aliyaandika kitabu, na ndani yake anayefundisha ni dada, askofu ni mwanafunzi.

Makrina anaulizwa: kama Mungu ni mwema, maumivu ya waliokufa katika dhambi ni ya nini? Anajibu kwa mfano wa watu waliofukiwa na tetemeko la ardhi. Nyumba imewaangukia, ndugu zao wanakuja kuwafukua. Wanapowavuta, mawe yanakwaruza, miti na misumari inachana nyama. Je, anayevuta ana nia ya kuumiza? Ana nia ya kumtoa mtu wake. Kinachoumiza ni kile kifusi chenyewe kilichomganda. Ndivyo Mungu anavyoivuta roho kwake, anasema Makrina, na kadiri mtu alivyojifunga na mabaya ndivyo kutolewa kutakavyomuuma. Anaongeza na moto wa mfua dhahabu, ambao shabaha yake ni takataka, ila dhahabu nayo haina budi kuyeyuka pamoja nazo. Nyie wa Ruangwa sina haja ya kuwafafanulia.

Niliposoma barua yako, ya wenzake kuchimba kwa mikono mpaka siku ya pili, nilikumbuka maneno ya mwanamke huyo. Msomee mama. Gregori wa Nisa anaheshimiwa kama mtakatifu na mmoja wa Mababa wa Kanisa, kwa Waorthodoksi na kwa Wakatoliki, na Makrina pia ni mtakatifu. Wote wawili walitumaini kwamba siku moja Mungu atakuwa yote katika wote, kama 1 Wakorintho 15:28 inavyosema, na hakuna mtaguso uliowalaani kwa majina. Kile mama anachokiita toharani si mbali na hapo: kuumia kwa kusafishwa, kwa mtu ambaye tayari yuko mikononi mwa anayemvuta. Tofauti ni kwamba Kanisa Katoliki haliahidi kuwa kila mtu atakubali kuvutwa.

Na hapo ndipo nina ugomvi wangu na mpwa wako. Misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje ilikatiza nchi zenu hizi. Wapo watu waliotembea humo na kongwa shingoni, wakaachwa njiani walipochoka, na wapo waliohesabu faida pwani. Ukiniambia wote watafika, sina wivu, wafike. Lakini nitakuuliza wamepitia wapi. Mungu anayempokea mfanyabiashara wa watumwa bila kumsimamisha mbele ya yule mwanamke aliyeachwa porini amemdhulumu yule mwanamke mara ya pili. Makrina hakufundisha wokovu wa bure namna hiyo, wala Origen. Kwao moto ulikuwepo, mrefu na mchungu. Kwa hiyo kijana anayeacha jumuiya kwa kuwa wote tutaokolewa hajawaelewa hata hao anaowafuata. Anatafuta ruhusa ya kulala Jumamosi asubuhi, aseme hivyo, tutamwelewa.

Origen aliogopa jambo hili hasa. Katika jibu lake kwa mpinzani wa Ukristo aitwaye Kelso alidokeza kwamba si salama kuwaeleza watu wote habari hii, kwa sababu wengi wanajizuia na maovu kwa hofu ya adhabu tu. Mimi siafikiani naye sana. Hapa kwetu moto umehubiriwa kwa vipaza sauti miaka nenda rudi, na bado kuna wanaume wanaokula fedha yote ya korosho mwezi wa kumi na mbili, Januari watoto wanarudishwa nyumbani hawana madaftari. Hofu haijawazuia.

Uliuliza juu ya baba, na nadhani ndilo lililo zito zaidi moyoni mwako, ila umeliweka katikati ya mengine kwa haya. Jimbo Katoliki la Nachingwea, hili lenu kabla halijaitwa Jimbo la Lindi mwaka 1986, liliundwa Desemba 1963, wakati Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea. Haukupita mwaka, tarehe 21 Novemba 1964, mtaguso ukapitisha hati juu ya Kanisa iitwayo "Lumen Gentium". Namba 16 ya hati hiyo inawataja Waislamu moja kwa moja: mpango wa wokovu unawahusu nao, kwa kuwa wanamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye rehema. Inasema pia kwamba yule ambaye bila kosa lake hakuijua Injili, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yake, anaweza kuokoka. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kanisa la mama, hamna sababu ya kumhukumu baba yenu. Na sheria ya Kanisa inaruhusu misa kutolewa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa. Zungumzeni na baba mkubwa kwanza, maana upande ule wana hitima yao na taratibu zao, isije ikaonekana mnamgeuza ndugu yao dini akiwa kaburini. (Usidhani pia kwamba mjadala huu ni wa Wakristo peke yao. Masuni wanafundisha kwamba muumini mwenye dhambi akiingia motoni, hatimaye atatolewa. Waibadhi, wale wa Oman na wa familia za zamani za Unguja, wanashikilia kwamba aliyeingia hatoki.)

Swali la wazee waliokufa bila Injili liliwahi kutikisa hata Kanisa la Anglikana, na waliolitikisa ni Waafrika. Askofu John Colenso wa Natal, Afrika Kusini, alipokuwa akiwafundisha Wazulu aliulizwa swali kama lako: wazee wetu waliokufa kabla hamjaja wako motoni? Hakuweza kuwajibu ndiyo. Mwaka 1861 alitoa ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi, humo akaikana adhabu isiyo na mwisho. Desemba 1863 alihukumiwa Cape Town na kuvuliwa uaskofu, na hilo likiwa moja ya mashtaka, ingawa mahakama ya juu ya London baadaye ilisema aliyemvua hakuwa na mamlaka. Mtu aliyewahi kuwa msaidizi wake mkuu huko Natal, Charles Mackenzie, ndiye aliyekuwa askofu wa kwanza wa ile misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, iliyokuja kufungua Masasi mwaka 1876, jirani zenu kabisa. Mackenzie hakufuata mawazo ya Colenso. Lakini utaona swali lilivyozunguka humu humu tunamokaa. Wazee wenu waliomwaga unga wa mtama chini ya mti na kuwaita marehemu kwa majina wasingeelewa Mungu ambaye haulizi habari za jamaa zao.

Karibu na zama zetu, John Mbiti, padre Mwanglikana kutoka Kitui, Kenya, aliandika kitabu mwaka 1971 juu ya mambo ya mwisho kama yanavyofundishwa na Agano Jipya na kama Wakamba walivyoyapokea kwa wamisionari. Aliona jinsi mahubiri ya moto yalivyoshika. Yeye aliinamia upande wa tumaini, kwamba hakuna roho itakayofaulu kumkimbia Mungu milele. Mpwa wako akitaka hoja ya Mwafrika mwenzake aliyeisomea, aanzie hapo, aache kuokota vipande vipande.

Sasa mdogo wako. Usimpige kwa aya, atakuwa nazo zaidi yako. Ana Luka 16, tajiri na Lazaro, ana Waebrania 9:27, ana ziwa la moto la Ufunuo, na zote zimo kweli kwenye Biblia. Hata walokole wenyewe hawako kitu kimoja na majirani zao: Msabato wa mtaa wa pili atamwambia marehemu wamelala mpaka siku ya ufufuo, na kwamba waovu watateketea waishe, hawataungua bila mwisho. Wewe mwulize jambo moja, kwa upole, mkiwa wawili, mama hayupo. Yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu alitubu saa ngapi? Kaka alikaa chini ya kifusi kwa muda gani, na alisema nini humo gizani? Yeye alimsikia? Mtu anayeamini kwamba toba ya sekunde ya mwisho inatosha, na mahubiri ya kanisa lake yamejengwa juu ya imani hiyo, hawezi kutangaza kwamba kaka yake hakutubu. Hakuwepo.

Kumbuka naye kafiwa. Inawezekana alimshuhudia kaka mara nyingi, kaka akamcheka, na sasa uchungu wake umepata mlango huo tu wa kutokea. Msimtenge. Misa msimdai, dhamiri yake inamkataza, mwacheni. Kaburi ni jambo jingine. Saruji, tofali na fundi havina dhehebu. Mjomba wenu amwite, amtajie fungu lake la kaburi kama anavyowatajia wengine, na fedha ya misa mchange ninyi mnaoiamini. Nina hakika atatoa. Asipotoa, kaburi lijengwe bila kumsema.

Yule mchungaji sina mengi ya kumwambia, hakuniandikia. Ila siku ya kujengea kaburi, orodha ya wasemaji ikae kwa mjomba, iandikwe mapema, na katekista aambiwe wazi kwamba baada ya baraka ya mwisho kipaza sauti kinazimwa. Kosa la siku ile lilianzia kwenye kumpa nafasi mgeni aliyesema anataka kutoa neno.

Kwa watoto, nenda shuleni mwenyewe ukaongee na mwalimu wa darasa, usimtume mtu. Mwalimu akilisema mara moja mbele ya darasa, mambo ya kuulizana hayo yatapungua. Nyumbani waambieni ukweli wanaouweza: baba yenu amekufa, tunamwombea kwa Mungu, na Mungu anampenda kuliko sisi. Wakiuliza kama anaungua, semeni hakuna binadamu anayejua hivyo, na aliyesema amesema asichokijua. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, waende nao makaburini wakawashe mishumaa yao wenyewe. Mtoto akipewa kazi ya kumfanyia baba yake, maneno ya wenzake hayamchomi sana.

Jambo la mwisho hukuniuliza. Umetaja mwanamke aliyezaa na kaka yako mara moja tu, na ni pale ulipokuwa unahesabu dhambi zake. Siku ya msiba alikaa wapi? Kwenye jamvi na mama, au nyuma na majirani? Watoto wako kwake au mmewachukua? Ile mikorosho ya marehemu, kama ipo, nani anapokea malipo yake chama cha msingi msimu huu? Kabla hamjaweka tarehe ya misa na fundi, mwiteni huyo mama mkae naye, mjomba awepo, mpange nani anawalipia watoto sare na michango ya shule kuanzia Januari. Mwandikie Shangazi tena ukishamaliza hilo.